Alama ya Mjomba Khalifa

Mwaka tuliotolewa msituni tukapangwa kando ya barabara, nilikuwa na miaka kumi. Umri huo ni kwa hesabu ya mama yangu, na mama alihesabu kwa mvua, kwa hiyo mwenye shaka akamuulize yeye kaburini. Shida zetu zilianza hapo. Kabla ya hapo tulikuwa maskini bila kujua. Baada ya hapo tukaambiwa.

Sisi ni Waaweer, watu wa msitu ulio nyuma ya Lamu. Wengine hutuita Waboni, na akitaka kukutukana mtu hulitamka jina hilo kwa kuvuta mdomo. Chakula chetu kilikuwa asali, mizizi, mahindi kidogo, na nyama ya upinde. Upande ule wa mpakani vita vilikuwa vimeingia, serikali ikasema msituni hapakaliki tena, ikatuleta kwenye barabara ya vumbi. Nyumba zikasimama mstari mmoja kama watu wanaongoja kuhesabiwa. Mwaka huohuo wakaja askari wa wanyama na neno lao: upinde marufuku, mnyama ni wa serikali. Wazee wakauliza, serikali inamchunga saa ngapi, mbona hatujaiona? Askari hawakucheka.

Ninaandika haya Doha, chumbani kwangu mtaa wa Najma, juu ya duka la mshonaji ambaye cherehani yake hainyamazi. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyejifunza kuandika akiwa na ndevu, anisamehe atakayesoma. Kilichonirudisha nyuma ni harufu ya rangi ya kupuliza, na mtoto mmoja aliyenyanyua kidevu. Nitafika kwake. Nyinyi wa rika langu mnajua kwamba jambo la zamani haliji kwa kuitwa, linakuja lenyewe wakati umeshika kitu kingine.

Baba alikufa kwa homa nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo mwanamume wangu alikuwa mjomba, kaka yake mama. Mjomba Khalifa. Alikuwa mfupi, mguu mmoja umepinda kidogo kwa kuanguka mtini akifuata nyuki, na maneno yake yalikuwa machache mpaka wageni walidhani ni bubu. Kwetu, mjomba ndiye anayekuchongea upinde wako wa kwanza na mishale yako ya kwanza. Na kila mwindaji alikuwa na alama yake kwenye mti wa mshale. Mmoja ana mikato mitatu, mwingine ana kovu la moto, mwingine amezungushia mstari. Mnyama akianguka hakuna ugomvi, mnaangalia mshale, mwenye alama ndiye mwenye mnyama. Lakini mtoto hana alama. Mishale ya mtoto ina alama ya mjomba wake, na itakuwa hivyo mpaka siku atakapoua mnyama wa kwanza. Siku hiyo anambeba mabegani mzimamzima, hamchuni, hamkati, hamfichi. Anatembea naye wazi mpaka mlangoni kwa mama yake. Wanawake wanapiga vigelegele, mjomba anachukua mafuta ya mnyama yule anampaka mkono wa kushoto, ule unaoshika upinde. Halafu unakaa na kisu unajichongea alama yako mwenyewe. Mimi yangu nilikuwa nimeshaifikiria kitambo. Ilikuwa kama mguu wa ndege.

Sasa, alikuwako kijana wa jirani jina lake Athumani, mkubwa wangu kidogo. Mwanzoni mwa mwaka ule Athumani alikamatwa msituni na podo, mfuko wa mishale, mgongoni, akapandishwa gari, akapelekwa kisiwani mbele ya hakimu, na kutoka hapo akapelekwa bara. Sisi watoto tulipouliza yuko wapi, wakubwa walitazamana, kisha mama yake akasema, "Serikali imempeleka shule."

Shule! Kijijini kwetu hapakuwa na shule. Tuliwahi kuwaona watoto wa shule mara moja tu, siku tulipopelekwa kuchanjwa, wamevaa kaptula za rangi moja na wengine wana viatu. Nikamwona Athumani akilini mwangu ana viatu. Nikamwona anakula wali. Nililala na wivu. Yule alikuwa hawezi hata kulenga vizuri, mimi nilikuwa namshinda kila siku kwenye kulenga vibuyu. Kama yeye kapelekwa shule kwa kubeba podo tupu, mimi nikiua mnyama kabisa itakuwaje?

Ndivyo nilivyofikiri. Nacheka sasa. Wakati ule sikucheka.

Nilimpata paa wangu asubuhi, umande haujakauka, ukingoni mwa shamba la mahindi ambako wanyama walikuwa wanakuja kula majani machanga. Upinde nilikuwa nimeufukia chini ya gogo, kama wanaume wote walivyoficha pinde zao. Nililala kifudifudi nikasahau hata kupumua. Mshale uliingia nyuma ya bega, akaruka mara moja, akakimbia kidogo, akaanguka. Nilipomfikia jicho lilikuwa bado lina maji. Nilikaa naye mpaka likawa kavu, kama tulivyofundishwa, kisha nikamwinua mabegani. Damu ilishuka kifuani mwangu ikiwa ya moto. Hakuna kitu nilichonunua tangu siku hiyo, hata nyumba, kilichonifanya nijione mrefu kiasi kile.

Mtoto wa watu wengine angepita vichakani. Angemkata vipande akamfunika majani. Mimi nilipita katikati ya barabara, wazi, kwa sababu ndiyo desturi.

Gari la askari likanikuta hapohapo.

Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa sajini mmoja mrefu kutoka bara, mwenye kovu mdomoni. Alishuka akanizunguka kama mtu anayetaka kununua punda. "Kijana, unakwenda wapi na huyu?"

"Kwa mama," nikasema.

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alinipandisha nyuma ya gari na paa wangu, na mimi nikafurahi, kwa kuwa sikuwahi kupanda gari. Nilikaa nimeshika pembe ya paa nikitazama miti inavyokimbia. Nilijiambia, leo gari, kesho viatu.

Kijiji kizima kilitoka. Vigelegele havikupigwa. Mama alikuja mbio, kanga imeanguka begani, akajitupa miguuni kwa sajini. "Baba, ni mtoto. Baba, nakuomba, hajui kitu huyu."

"Mtoto ana damu kifuani," sajini akasema. "Sheria haiulizi umri wa damu. Wenzake wako kule bara wananyooshwa, na huyu atakwenda kunyooshwa. Nani amempa upinde?"

Nikaona wanaume wanatazama chini. Nikaona ni wakati wangu. Nikanyanyua kidevu, nikafungua mdomo niseme, ni mimi, nimemuua mimi, kwa mshale mmoja.

Mjomba Khalifa alikuwa amefika na mguu wake ule. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa paa, akaushika mshale uliobaki ubavuni, akaupindua kidogo kwenye jua.

"Huu ni wangu," alisema.

"Wako?"

"Una alama yangu. Mikato miwili na duara la moto. Uliza yeyote."

Sajini akageuka kwa watu. "Ni kweli?"

Watu wote, mpaka wazee, mpaka mama yangu aliyekuwa bado vumbini, wakajibu kama wanaitikia dua, "Ni ya Khalifa."

"Na huyu kijana?"

"Huyu?" Mjomba akanitazama sasa, kwa dharau ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. "Huyu hata kuku aliyefungwa kamba hamlengi. Nilimwambia abebe tu. Hata kubeba hajui, ona alivyojipaka uchafu."

Watu wakacheka. Mama yangu naye akacheka, machozi yanamtoka. Nikasikia masikio yanawaka. "Mwongo!" nikapiga kelele. "Ni mimi! Nimemuua mimi, nilikuwa nimelala pale kwenye mahindi..."

Kofi lilinikuta kabla sijamaliza. Mjomba hakuwahi kunipiga kabla ya siku ile, wala hakunipiga tena.

"Unaona?" akamwambia sajini. "Mwongo pia."

Sajini alinisogelea. Akaushika mkono wangu wa kushoto akaugeuza. Ndani ya kiwiko kulikuwa na mchubuko mwekundu, pale uzi wa upinde unapopiga mkono wa anayejifunza. Akautazama. Akaniangalia usoni, akamwangalia mjomba. Kisha akauachia mkono wangu kama mtu anayerudisha embe bichi sokoni.

"Mtoto huyu muongo kweli," akasema. "Mzee, panda gari. Umejifunga mwenyewe."

Wakamchukua mjomba. Wakamchukua na paa wangu. Nilibaki katikati ya barabara na damu inayokauka kifuani, na ninyi mliowahi kuwa watoto mnajua nilichokuwa nacho moyoni. Aliniibia. Mjomba wangu mwenyewe alikuwa ameniibia mnyama wangu wa kwanza kwa sababu ya mikato miwili aliyoichonga yeye, na kwa sababu hiyo amekwenda yeye mjini na gari, na shule yangu imekwenda nayo.

Mvua ya masika yote mjomba alikuwa jela. Mama alinituma nikalime shamba lake, kwa kuwa mkewe alikuwa mjamzito. Nililima kwa hasira. Nilipalilia mahindi ya mwizi, nikafukuza nyani kwenye mahindi ya mwizi, na kila jioni mke wa mjomba alinipa uji akasema, "Mungu akuweke, baba." Sikumjibu vizuri. Mama alijua, lakini hakunieleza. Niliwahi kumuuliza siku za uzee wake kwa nini hakunieleza. Akasema, "Ungekwenda kusema. Ulikuwa na mdomo kama mlango wa choo cha stendi."

Aliyenieleza ni Athumani, na yeye hakunieleza kwa maneno.

Alirudi mahindi yakiwa yameanza kubeba. Nilikimbia kumtazama miguu. Hakuwa na viatu. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi, na kucha mbili hazipo. Mama yake alipomwita kutoka jikoni aliruka akasimama wima, mikono mbavuni, akajibu kwa sauti ya juu, "Afande!" Mama yake alidondosha mwiko.

Nikamkalisha chini ya ukingo wa nyumba. "Umesoma nini huko?"

"Kusoma nini?"

"Si ulikuwa shule?"

Akanitazama muda mrefu kama mtu anayetafuta lugha. Aweer yake, lugha yetu, ilikuwa imeingia kutu. "Kuponda kokoto," akasema. "Ukilia unaongezewa." Kisha akasema, "Wakubwa wa mle ndani walinifundisha kufungua makufuli. Naweza kufungua la duka." Alilisema hilo la makufuli kwa fahari, kwa kuwa ndilo pekee alilopewa.

Hakulala tena ndani ya nyumba. Mlango ukifungwa aliinuka akaufungua. Mwaka uliofuata alifungua kufuli la duka kweli, huko mjini, wakamrudisha. Mara hii ilikuwa jela ya watu wazima. Alitoka, akarudi, akatoka, akarudi. Kijana aliyekamatwa na podo tupu. Kwetu tungemgombeza, mjomba wake angemnyang'anya upinde mpaka mavuno, basi, yakaisha.

Siku ile niliyozungumza naye nilikwenda shambani kwa mjomba ingawa sikutumwa. Nikapalilia mpaka jua likaniangusha.

Mjomba alirudi amekonda, nywele zimenyolewa, ukanda wa kamba kiunoni. Watu walimsalimia wakampisha. Alipofika kwangu nilisema, "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Shamba limelimwa na nani?"

"Mimi."

"Mistari imepinda."

"Nilikuwa na hasira."

"Inaonekana." Akakaa juu ya kinu, akaunyoosha mguu wake mbovu. "Wale askari walimla paa wako, unajua? Njiani hukohuko, wakawasha moto. Sajini akaniambia, mzee, nyama laini, na mpigaji alilenga pazuri sana, hakuharibu ngozi. Nikamwambia ahsante." Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa sauti. "Sikumwambia ahsante ya nani."

Akamwita mkewe, akaletewa mafuta ya nazi kwenye kifuu, kwa sababu mafuta ya paa hayakuwapo. Akanishika mkono wa kushoto akaupaka kutoka kiwiko hadi vidole, polepole, hakuacha mahali. Hapakuwa na vigelegele. Alipomaliza akasema, "Alama yako usichonge bado. Wewe kaa na yangu. Yangu wameshaijua, ya kwako hawaijui."

Sikuchonga. Upinde wenyewe tuliuacha, mmoja baada ya mwingine. Nilipata mwili nikaondoka: nilikuwa utingo wa lori, nikabeba zege Malindi, nikalinda nyumba za watu, nikafundishwa kusoma na mpishi mmoja kwa karatasi za kufungia sukari. Doha nilifika wakati Pearl, kisiwa cha majumba ya matajiri, bado ni mchanga na mashine, kabla hawajajua mtaa gani watauita vipi. Niliingia mlinzi, nikawa mkubwa wa walinzi. Sikubebwa na mtu.

Sasa yule mtoto. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, miaka michache nyuma, kwenye maegesho ya chini ya jengo tulilokuwa tunalinda pale Pearl. Okello, kijana wangu wa Uganda, alinijia amemshika mvulana ukosi. "Mzee, nimepata huyu. Amechafua ukuta yote."

Nilimjua mvulana. Nasri, wa miaka kumi na mitatu, mtoto wa Suleiman, dereva kutoka Tanga, mmoja wa wachache wetu waliobahatika kuleta familia. Siku za Ijumaa alimfuata baba yake kuosha magari. Alikuwa ameingia stoo yetu, akachukua kopo la rangi nyekundu ya kuchorea mistari ya maegesho, akachora ukutani alama kubwa kuliko yeye, ndoana yenye taji juu. Harufu ya rangi ilikuwa imejaa chini kote.

Suleiman alifika mbio, ameshika kitambaa chenye povu. "Kaka, nimekwisha," aliniambia. Kweli alikuwa amekwisha. Polisi wakifungua kesi ya mtoto, kafili, mwajiri anayeshika kibali chake, hataki kelele, na nyumba nzima inapandishwa ndege, mama, watoto, na yule mdogo aliyezaliwa hapahapa. Na Nasri angeanza maisha yake na jina kwenye faili.

Mudiri wetu, meneja wa jengo, alishuka na simu mkononi. "Nani kafanya? Sema haraka, napiga polisi."

Nikamwona Nasri ananyanyua kidevu.

Nakijua kidevu kile. Kilikuwa changu. Alikuwa haoni kesi, alikuwa anaona ukuta, na anataka dunia ijue ni wa nani.

"Nyamaza wewe," nikamwambia kabla hajatamka, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kumkata. "Hata mstari ulionyooka huwezi kuchora." Kisha nikamgeukia mudiri kwa Kiarabu changu cha getini: rangi ni ya stoo yangu, ufunguo ni wangu, nilimpa mimi kopo ajaribu kama bado linapuliza. Kosa ni langu.

Okello akafungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga.

Nilidanganya, na sioni haya. Mudiri alinitukana vizuri, akaweka simu mfukoni. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimevuliwa ukubwa, nimepelekwa Lusail kusimama kwenye geti la mahali panapojengwa, vumbi la saruji puani, jua limekaa kichwani kama ndoo.

Lakini siku ile tulibaki na Nasri, sponji na mafuta ya kuondolea rangi, tukisugua ukuta mpaka Magharibi. Alikuwa anasugua kwa hasira. Alinitazama kwa jicho ambalo nililitambua, lile la mtu aliyeibiwa. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Babu, umesema sijui kuchora."

"Nimesema."

"Uongo."

"Uongo mtupu," nikamwambia. "Lile taji lilikuwa zuri. Nipe mkono."

Akanipa wa kulia, uliojaa wekundu. Nikaupaka mafuta, nikaufuta kidole kwa kidole, sikuacha mahali. Hakujua ninafanya nini. Si lazima ajue sasa.

Dada yangu akinipigia simu kutoka nyumbani huniambia vijana wetu bado wanakamatwa msituni, wengine wanafuata asali tu. Huniuliza serikali ifanye nini. Mimi si serikali. Namuuliza swali moja: alipokamatwa, mtu mzima gani alisimama mbele yake? Mara nyingi hunijibu, hakuna. Basi najua pa kuanzia nikirudi.

Leo nina nyumba ya mawe Mokowe, ng'ambo ya Lamu, vyumba vinne, bati jipya. Nina shamba la korosho. Nina mizinga ya nyuki, dada yangu anaiangalia. Nina pikipiki anayoendesha mwanangu mkubwa. Nina watoto watano, hakuna aliyewahi kulala rumande. Nina redio, koti la baridi nisilolihitaji, na meno yangu mengi. Na nina mshale mmoja usio na chembe, ncha yake ya chuma, alionipa Mjomba Khalifa siku niliyoondoka kijijini, umelala sandukuni chini ya kitanda hiki cha Najma. Una mikato miwili na duara la moto. Yangu sijachonga.